Intaneti Inakatikakatika: Majibu kwa Madai Manane

Kwa miezi minne, tangu Januari hadi Aprili, nyumba yetu ya kupanga hapa Nairobi ilikuwa na intaneti ya kebo yenye tabia ya mgeni asiyejua kukaa. Inakuja, inaondoka, inarudi kabla hujamaliza kulalamika. Dakika mbili, tatu, halafu iko. Ingekufa kabisa ningeshukuru, maana maiti fundi humkuta palepale. Hii ilikuwa ikizirai, na fundi akifika anaikuta imekaa inacheka na watu.

Kila aliyesikia habari hiyo alikuwa na sababu yake tayari: binamu yangu, keateka wa jengo, dada wa huduma kwa wateja, jirani wa ghorofa ya tatu. Nimezikusanya hapa zote nane. Hakuna iliyo ya kipumbavu, kwa kuwa kila moja ni kweli mahali fulani, siku fulani. Kasoro yake ni kwamba humtaja mshukiwa bila kuuliza ni kipande kipi cha njia kilichokatika.

Njia yenyewe ina vipande vinne. Cha kwanza ni hewa kati ya simu yako na ruta. Cha pili ni ruta na modemu, ambazo mara nyingi hukaa ndani ya kisanduku kimoja. Cha tatu ni ule waya mweusi wa duara, ndugu wa waya wa televisheni, unaotoka kwenye modemu hadi nguzo ya nje. Cha nne ni kuanzia nguzo hadi kwa kampuni, na kutoka kwa kampuni hadi ulimwenguni. Ukishajua kipande chako, nusu ya madai haya hujifia yenyewe.

Dai la 1: "Ni kebo ya baharini imekatika."

Hili ndilo dai lenye hadhi kuliko yote, maana linakufanya mhanga wa tukio la kimataifa. Na ni kweli kebo hukatika. Februari 2012 meli ilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa mahali isiporuhusiwa, ikaikata kebo ya TEAMS. Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kebo za EASSy na Seacom zikakatika upande wa Afrika Kusini, na kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi watu wakakodolea macho kurasa zisizofunguka.

Lakini kebo ya baharini hutengenezwa na meli maalumu. Lazima ifike, iitafute ncha moja kwenye sakafu ya bahari, iivute juu, itafute ya pili, iziunge. Hiyo ni kazi ya siku nyingi, pengine wiki. Haikatiki saa nne na dakika kumi na nne ikapona saa nne na dakika kumi na saba. Tena ikikatika, hulalamika pia jirani aliyejiunga na kampuni nyingine. Na modemu yako haina habari: taa yake ya mtandao hukaa imetulia, kwa sababu yenyewe huzungumza na mitambo ya kampuni iliyo karibu, wala haijui kama kuna bahari. Hata tovuti zilizohifadhiwa hapa nchini, ambazo data zake hupitia KIXP, kituo cha nchini cha kubadilishana data, huendelea kufunguka.

Taa ya modemu yangu ilikuwa ikipepesa. Taa ikipepesa, bahari haina kosa.

Dai la 2: "Waifai imeisha."

Tumezoea kuita kila kitu waifai, na jina hilo limewapoteza wengi. Waifai ni hewa ya chumbani tu, yaani kile kipande cha kwanza. Simu inaweza kukuonyesha mistari yote ya waifai imejaa huku nje waya umelala chini. Inawezekana vilevile modemu ikawa nzima kabisa na simu yako ikawa imezibwa na ukuta wa mawe.

Sikatai kwamba waifai hukorofisha. Masafa ya gigahezi 2.4 hutumiwa na jengo zima, na maikrowevu ya jikoni hufanya kazi palepale. Masafa ya gigahezi 5 nayo yana chaneli ambazo ruta hulazimika kuziacha ikihisi rada, kisha kabla ya kuanza kutumia chaneli nyingine ya aina hiyo husikiliza kwanza kwa sekunde 60. Dakika nzima ya ukimya, na waya wako haujaguswa.

Basi usibishane, pima. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao. Fungua madirisha mawili ya amri. La kwanza liandike ping -t 192.168.0.1, au anwani nyingine iliyobandikwa chini ya ruta yako. La pili liandike ping -t 8.8.8.8. Yaache yakimbie, endelea na kazi zako. Likinyamaza la pili peke yake, ruta iko hai na tatizo liko mbele yake. Yakinyamaza yote mawili, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Kama yote yanajibu ilhali simu inazungusha kiduara, hapo ndipo pa kuilaumu waifai. Kwangu lilinyamaza la pili, kila mara.

Dai la 3: "Kifurushi chako ni kidogo, panda ngazi."

Dada wa huduma kwa wateja aliniambia hivi kwa upole mwingi, na nikapanda. Kwa mwezi mmoja nililipa zaidi ili nikatikiwe kwa kasi zaidi.

Modemu ya kebo inapowashwa hupakua kutoka kwa kampuni faili dogo la maagizo. Humo ndimo inamoambiwa mwisho wako ni megabiti 10, 30 au 60 kwa sekunde. Ukinunua kifurushi kikubwa, tarakimu ndani ya faili hilo hubadilika. Waya ni uleule, konekta ni zilezile, nguzo ni ileile. Ni sawa na kuomba dukani debe kubwa zaidi wakati debe ulilonalo linavuja.

Kifurushi kidogo kina dalili zake: video hushuka ubora, faili hupanda polepole, simu ya video hugandaganda wakati watoto wanapakua michezo. Inakuwa nzito, lakini iko. Taa ikizima na kuanza kutafuta upya, hilo si suala la kasi.

Dai la 4: "Zima, hesabu thelathini, washa."

Dawa hii huponya, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Modemu ikiwashwa upya huanza maisha upya: hutafuta masafa, hupimana na mtambo wa kampuni ijue iongee kwa sauti ya kiasi gani, hupewa saa, hupewa faili lake. Kama kilichoiangusha kimeshapita, itasimama. Ingesimama hata usingeigusa, ila wewe utajisifu kwamba umeitibu.

Hasara ni ushahidi. Modemu nyingi za kebo zina ukurasa wa ndani kwenye anwani 192.168.100.1, ingawa kampuni nyingine huufunga. Humo mna daftari la matukio, na nilipolifungua mara ya kwanza nilishtuka. Mistari mingi ilikuwa ya tarehe 1 Januari 1970. Nikaona basi, kifaa kimerukwa na akili. Kumbe kompyuta za namna hii huhesabu saa kuanzia tarehe hiyo, na modemu ambayo imewashwa sasa hivi na haijaambiwa na mtandao leo ni lini hujiona iko mwanzo wa hesabu. Kila mstari wa 1970 ulikuwa alama ya kidole changu kwenye swichi. Mistari kama hiyo ikitokea bila wewe kugusa kitu, mshuku umeme au adapta iliyochoka.

Katikati ya kelele hizo nilizozisababisha mwenyewe ndipo nikaona mistari iliyokuwa na maana, yenye tarehe na saa sahihi. Ilikuwa na misimbo miwili, T3 na T4. T3 maana yake modemu imemwita mtambo wa kampuni, imesubiri moja ya tano ya sekunde, haikujibiwa. Hujaribu tena na tena, na ikifika mara 16 bila jibu hukata tamaa na kuanza upya. T4 maana yake imekaa sekunde 30 nzima bila kusikia ikiitwa. T3 moja moja kwa wiki ni mafua tu. Kwangu zilikuja kwa makundi, ishirini ndani ya dakika tano, kisha kimya cha siku tatu.

Nikaacha kuzima. Nikanunua daftari la shule na kuanza kuandika siku, saa, na kilichokuwa kikiendelea nyumbani.

Dai la 5: "Ni mvua."

Hili la keateka, nalo limetoka kwenye dishi. Televisheni ya setilaiti hupokea mawimbi kutoka angani, na matone mazito ya mvua huyanyonya njiani ndiyo maana picha hukwama wingu likijaa. Mawimbi ya kebo hayapiti angani. Yamo ndani ya waya, na waya mzima haujui kama ni masika au kiangazi.

Waya mbovu unajua. Ganda likipasuka au konekta ya nje ikikosa kifuniko, maji huingia, huacha unga mweupe kwenye wavu wa alumini na kutu kwenye ncha ya katikati. Mafundi wazuri huacha waya ushuke kidogo na kupinda kabla ya kupanda kuingia ukutani, maji yadondokee hapo kwenye pindo badala ya kuufuata hadi ndani. Kwa hiyo mvua huonyesha tu tundu lilipo. Na huweza kulionyesha hata siku mbili baada ya kunyesha, maana maji yaliyojificha ndani hayakauki kwa amri.

Ila daftari langu halikukubaliana na keateka. Juma la mvua kubwa ya Aprili, maji yakitiririka mpaka kwenye ngazi, intaneti haikukatika hata mara moja. Februari, jua likiwaka, ndipo ilipokuwa mbaya kuliko siku zote. Mvua haikuwa mkosaji, ilikuwa kana kwamba inatulinda. Jambo hilo lilinikosesha usingizi.

Dai la 6: "Fundi alipima, mawimbi yako sawa."

Alipima kweli. Alikuja Jumanne saa nane mchana, akachomeka kipimo chake sebuleni, akanionyesha kioo. "Mkubwa, hapa kuko fiti kabisa." Hakusema uongo. Ukipima joto la mgonjwa wa malaria saa homa imeshuka, utamkuta na nyuzi 37.

Tatizo la kuja na kwenda hupimwa likiwa limekuja. Na kwa bahati vipimo vilevile viko kwenye ukurasa wa modemu, unaweza kuvisoma mwenyewe kwa saa uitakayo. Nguvu ya mawimbi yanayoshuka kwako ikae karibu na sifuri. Kati ya hasi 7 na chanya 7 dBmV huna shida. Usafi wa mawimbi dhidi ya kelele uwe desibeli 33 au zaidi. Kisha kipo kipimo ambacho wengi hukiruka: nguvu ambayo modemu yako inatumia kupaza sauti kwenda juu. Ikiwa kati ya 35 na 48 iko sawa. Ikipita 50 inapiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara kuu, na imebakisha pumzi kidogo sana.

Sauti hiyo ya kupanda ndiyo dhaifu katika mfumo wote huu. Hutumia masafa ya chini, kuanzia megahezi 5 hadi 42 au 65 kulingana na mfumo, na huko ndiko kelele za mota, taa mbovu na redio hupenda kuingilia. Tena nyumba zote za mtaa humimina sauti zao kwenye waya mmoja, hivyo konekta iliyolegea kwako huingiza kelele inayowasumbua usiowajua. Kikohozi cha nyumba moja husikika mtaa mzima.

Siku fundi alipokuja, sauti yangu ya kupanda ilisoma 46. Jumamosi iliyofuata, saa nne na nusu asubuhi, nikaangalia mwenyewe: 51, 52, kisha ukurasa ukabaki na mistari mitupu.

Dai la 7: "Nunua busta."

Kwa kifupi, usinunue. Busta hukuza kila inachokikuta, mawimbi na kelele pamoja. Nyingi za bei rahisi hukuza yanayoshuka tu na kuyafungia njia yanayopanda, na hapo utakuwa umemwekea mlangoni askari anayeruhusu wageni kuingia na kuwazuia kutoka.

Badala ya kuongeza kitu, hesabu vya kupunguza. Kila splita ya njia mbili hula takriban desibeli 3.5 kwenye kila tundu, na ya njia nne hula 7. Nyuma ya kabati la televisheni nilikuta splita ya njia nne, tundu moja likiwa na waya wetu na matatu wazi, urithi wa mpangaji fulani aliyekuwa na televisheni chumba hadi chumba. Niliitoa nikaunganisha moja kwa moja. Sauti ya kupanda ikashuka kutoka 46 hadi 40, na kukatika kukapungua. Kukapungua, lakini hakukuisha.

Dai la 8: "Wikendi watu ni wengi."

Hili lilikaribia kunishawishi, maana daftari lilionyesha Jumamosi waziwazi. Na intaneti ya kebo kweli ni ya kushirikiana, nyumba nyingi za mtaa zikigawana chaneli zilezile. Lakini msongamano una saa zake, jioni, watu wakirudi kutoka kazini na kuwasha filamu. Huja taratibu kama foleni ya Thika Road, huondoka taratibu, na hauzimi taa ya modemu. Wangu ulianza Jumamosi saa nne asubuhi na kuisha kufikia saa tisa alasiri, wakati ambao wengine ndio kwanza wanaanza kuangalia mpira. Na wiki nyingine ulitokea Jumatano. Jumamosi za mvua haukutokea kabisa.

Jumamosi asubuhi. Jumatano mara nyingine. Jua, wala si mvua. Kuisha alasiri. Niliisoma orodha hiyo kwa sauti mezani, na mke wangu, ambaye kwa miezi minne hakuwa ametoa dai lolote, akasema, "Hizo si siku za kufua?"

Tulishuka. Waya wetu hutoka kwenye nguzo, hushikwa na kulabu kwenye ukuta wa ghorofa ya tatu, kisha hupanda kwetu. Jirani alikuwa amefunga kamba yake ya kuanikia nguo upande mmoja kwenye bomba la maji, na upande wa pili kwenye waya wetu, pale chini ya kulabu. Juu ya kamba kulikuwa na blanketi tatu mbichi, zile nzito zenye picha ya chui. Upepo ukipuliza, chui wanacheza, waya unavutwa, na konekta iliyokuwa kwenye kisanduku cha ngazini inachomoka kiasi cha unene wa ukucha. Blanketi zikikauka, uzito unapungua, waya unarudi, intaneti inapona. Jumanne ya fundi kamba ilikuwa tupu.

"Mama, samahani," nikamwambia, "hii si kamba, ni waya wa intaneti yetu."

Aliuangalia kwa mshangao wa kweli. "Kumbe unatumika? Mimi nilidhani ni ile ya televisheni ya zamani. Imekaa hapo tangu nihamie."

Safari hii sikupiga simu kulalamika kwamba intaneti ni mbaya. Nilitaja saa, nikataja misimbo ya T3 na T4, nikataja 46 ya kawaida na 52 ya Jumamosi nilizozipata kabla sijatoa splita, nikataja konekta ya ngazini. Fundi alikuja siku ya pili akiwa ameshajua pa kwenda. Alikata ncha iliyolegea, akabana konekta mpya kwa koleo lake, akaikaza kwa spana ndogo badala ya vidole, akafunga kifuniko cha mpira dhidi ya maji. Ilimchukua robo saa. Kamba ya manila ya jirani nilinunua mimi, na misumari yake nikapigilia mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata blanketi zilikuwa nne. Nilikaa na ukurasa wa modemu mbele yangu kuanzia saa nne hadi saa saba: 39, 39, 40, 39. Nikashuka kumshukuru mama.

"Ya kwangu nayo hukatika usiku," akaniambia, akikamua maji kutoka kwenye shuka. "Nadhani ni ile kebo ya baharini."

Nikamuuliza kama ana daftari.